Puma Aliyefumba Macho

Kila blanketi jipya milimani Andes lazima liwe na mnyama mwenye jicho linaloona, linalopelekea serikali picha za anayejifunika. Bibi Saturnina alilifuma la mjukuu wake, Illari, kama walivyofuma bibi zake: ngazi zenye pembe kali, tumbusi wawili wanaotazamana, kisha puma. Puma huyo alimfuma amefumba macho.

“Watakuja kukuuliza, mama,” bintiye alimwonya.

“Waje. Watamkuta amelala.”

Jioni Illari, ambaye hajawahi kulala bila kuangaliwa, aliligeuza blanketi huku na huku akitafuta jicho.

“Bibi, sasa nani atajua kama nipo?”

“Mimi.” Saturnina akavuta kigoda, akamkazia macho.

Kila bibi alipopepesa macho, mtoto alishtuka.