Swali la Nne

Siku hizi hapa Chengdu, Uchina, mtoto aliye katika mwaka wa mtihani haambiwi jambo lolote nyumbani ila kwa kifungu cha ufahamu cha Kiingereza, kisha mashine inaongeza maswali manne ya kuchagua jibu. Wajinga waliobuni upuuzi huu wanauita malezi.

Mama yetu alipofariki, kaka yangu Weimin, dereva wa lori ambaye Kiingereza chake ni cha kuokoteza, aliketi mezani akaandika sentensi tatu: bibi aliugua, bibi amefariki, mazishi ni Ijumaa. Binti yake Yaqin akasoma, akabofya majibu kama anayechagua mawe kwenye mchele. Akapata yote.

Mzazi naye lazima ajibu. Swali la nne liliuliza mwandishi anajisikiaje. Weimin akachagua "ana huzuni." Taa nyekundu ikawaka.

"Umekosa, baba," Yaqin akamwambia kwa upole. "Jibu ni 'ametulia.' Huzuni hukuiandika popote."

Kaka yangu akaomba radhi. Radhi! Mimi, shangazi mtu, nikamgeukia Yaqin, msomi wetu: "Na wewe je, bibi aliyekulea alikuwa nani kwako?"

Akanitazama, akingoja nimtajie A, B, C na D.