Lami Mpya Penye Geti

Kalekye alisimama pekupeku kwenye njia ya gari penye geti la mwenye nyumba wake, mtaani Huruma. Hapo ndipo Datsun ya mwenye nyumba ilipomgonga binti yake Kalekye ikirudi nyuma, kabla ya Krismasi.

Lami ya zamani ilikuwa imechakaa kwa jua. Mafundi walikuwa wameshaifunika yote kwa lami mpya, isipokuwa pale alipokanyaga.

“Mama, songa. Lami inapoa,” mwenye nyumba alisema.

“Mtoto wangu alikufia hapa.”

“Ndiyo maana nataka parekebishwe. Watu wanaogopa kupanga.”

Fundi mwenye sepetu aliposikia hayo, aliiegemeza ukutani akaondoka.

Mwenye nyumba akaichukua, akachota lami iliyofuka moshi, akaanza kuimwaga mwenyewe kuzunguka miguu ya Kalekye.