Ubao wa Zawena

Siku hizi mjamzito akifika kliniki, mashine humpima damu na kumchongea ubao wake wa rongorongo, yale maandishi ya kale ya kisiwa cha Rapa Nui. Kuna alama za watu, ndege na samaki, na hakuna ajuaye zinasema nini, hata mashine yenyewe. Tunachojua ni ile miezi ya angani iliyochongwa kati yake tu, isomwayo kutoka kushoto kwenda kulia. Ikinenepa, mtoto anakuja. Ikikonda, majirani huacha kuuliza.

Ubao wa mke wangu Zawena ulikuwa na mistari miwili, na miezi yote ilinenepa. Tuliuegemeza juu ya kabati la vyombo, nikachinja jogoo.

Shangazi Mwajabu, mkunga mstaafu, alikuja kutupongeza. Aliushika ubao, akausoma mstari wa chini huku akitabasamu. Alipoumaliza, akaugeuza ubao juu chini.

"Shangazi, mbona unaupindua?" nikauliza.

"Mstari wa pili husomwa hivi, baba. Kwani ninyi mlisomaje?"

Tulisogea kutazama. Ubao ukiwa juu chini, miezi ileile tuliyoichinjia jogoo ilikuwa ikikonda mmoja baada ya mwingine, hadi wa mwisho ukawa mwembamba kama ukucha. Shangazi aliuweka ubao taratibu, akasema ameacha nguo kambani.

Alipotoka, Zawena aliurudisha ubao ulivyokuwa mwanzo. "Lete nyundo," akasema. Tukaupigilia ukutani kwa misumari minne, usigeuzwe tena.

Kila asubuhi ananiambia mtoto anacheza. Nikinyoosha mkono nimguse tumbo, huudaka njiani na kunishikisha kikombe cha chai.