Pua ya Sajini Machano

Palikuwa na sungusungu mmoja, Sajini Machano, aliyelinda mlango wa shimo lao na kujivunia pua yake. Anayenuka kwao alipita. Anayenuka kigeni aling'atwa.

Siku moja shangazi yake alirudi kutoka mlimauni akinuka limau.

"Machano, mwanangu, si nilikulea mimi?"

"Malimau hayakunilea," Sajini akajibu, akamng'ata mguu na kumfukuza.

Kisha akaja Mende, mwili mzima umeota kuvu la maradhi. Lakini alikuwa amejigaragaza kwenye jalala la sungusungu, akanuka kama wao. Sajini alimnusa, akampigia saluti.

Watoto wakaanza kuugua. Sajini akaingia chumbani mwao, akamkuta Mende amejilaza katikati yao. Akamrukia kwa uchungu, wakabiringishana mpaka kuvu likamganda Sajini mwili mzima, likafunika harufu ya kwao. Akatoka mbio.

"Adui yumo ndani! Nimemwona kwa macho yangu!"

"Macho si kazi yetu," walinzi wenzake wakasema, wakimnusa. "Anayenuka kigeni hapa ni wewe, Sajini." Wakamburura hadi nje.

Watoto wale walihitaji mlezi wa kuwauguza. Sungusungu wakanusana wote, wakaona hakuna anayenuka kwao kumshinda Mende.