Somo la Kungoja

Chaki ilikuwa imeanza kulowa jasho mkononi mwake. Swali lilikuwa tayari ubaoni, kwa herufi kubwa: KWA NINI BARAFU HUELEA? Darasa zima lilimtazama.

Asingejijibu. Mkufunzi, aliyeketi nyuma kabisa na kalamu yake nyekundu, alikuwa amemwonya: "Ukiuliza, ngoja. Mwalimu anayejijibu mwenyewe hajafuzu." Na yeye, mwanafunzi wa uzamili, aliutaka ualimu wa chuo kikuu kwa udi na uvumba. Dada yake alikwishasema: safari hii ukifeli, njoo dukani unisaidie kupima vitambaa.

Akangoja.

Wanafunzi wake walikuwa watu wazima kidogo, nadhifu, kila mmoja na daftari jipya. Walimtazama kwa upole wa ajabu. Mwenye miwani alimtabasamia kama mtu anayemlisha mgonjwa uji.

"Jaribu tu, dada," akamwambia. "Usiogope kukosea."

Makubwa haya, alijisemea. Sasa mimi ndiye wa kutiwa moyo! Akameza hasira, akaendelea kungoja.

Jua likahama kutoka dirisha moja hadi jingine. Tumbo la mtu likanguruma, hakuna aliyecheka. Mwanamke wa mstari wa mbele akatoa leso, akajifuta shingo, akarudi kumkodolea macho. Swali ambalo mtoto wa shule ya msingi angelijibu huku anakimbia! Hawa walifikaje chuo kikuu?

Mhadhiri wa chumba cha pili akaingia kuazima kiti. Akausoma ubao.

"Si kwa sababu ni nyepe—"

"Shhh!" darasa zima likamkemea. Akatoka na kiti chake, mdomo wazi.

Giza lilipoanza kuingia, mkufunzi alisimama akipiga makofi.

"Hongereni! Somo la kungoja mmefaulu nyote. Hakuna aliyejijibu, wala hakuna aliyemtafunia mwanafunzi wake jibu."

Mwenye miwani akamgeukia jirani yake, kisha mwanamke wa mbele, kisha akamnyooshea kidole yule wa ubaoni.

"Kwani huyu si mwanafunzi wangu?"

"Mimi?" akashtuka. "Si wewe ndiye wangu?"

Minong'ono ikazagaa darasani: wewe je, na wewe, na yule?

"Ubao msiufute," mkufunzi alisema, akikusanya karatasi zake. "Kesho nitajaribu kuwatafutia mwanafunzi."