Udongo wa Daraja la Kwanza

Siku hizo ilikuwa marufuku kumzika mtu kwenye udongo wa daraja la kwanza. Udongo huo ulikuwa wa kulisha walio hai. Akonaay alipofariki, mkaguzi wa udongo alifika kijijini Basotu msiba ungali mbichi, akachimba pembeni mwa nyumba. Paskalina, mjane wa marehemu, alimtazama akilowesha tonge la udongo mweusi na kulifinyanga kiganjani.

"Tifutifu, mama. Maji yanazama, hayatuami. Daraja la kwanza."

"Tulipohamia hapa ulikuwa wa daraja la tatu, mwanangu. Yeye ndiye aliyeubebea samadi mpaka ukawa hivi."

"Pole sana. Kuna makaburi kule mlimani, kwenye changarawe."

"Kule atalala na nani? Mama yake tulimzika hapa, kabla ya sheria yenu."

Mkaguzi akasita. "Sheria inamkubali kama mbolea. Mashine itamchanganya na shamba zima. Hapatakuwa na tuta wala jina."

Paskalina akalitazama shamba. "Basi abaki nyumbani."

Mvua ziliponyesha, mahindi yakaota vizuri kila mahali. Paskalina akaenda kupalilia, akavua viatu ukingoni mwa shamba, kisha akasimama na jembe mkononi. Hakujua akanyage wapi.