Amri ya Loretta

Kamba ya kofia ya chuma ilikuwa imefunguka kidevuni mwa yule binti, na katika uwanja mzima ni Loretta tu aliyeiona.

Watu walikuwa wakishangilia. Binti, aliyevaa deraya kama askari wa kale, alikuwa amembana mwenzake kwa upanga wa sponji. Lilibaki pigo moja tu ashinde. Kando alisimama msimamizi mkuu wa kikundi chao cha kuigiza vita vya kale, akimpima Loretta kama anafaa kulinda usalama wa watoto mchezoni. Mwaka jana alimwangusha katika jaribio hilohilo kwa sababu sauti yake haikusikika.

Loretta akavuta pumzi.

"Simameniii!"

Watoto wakaganda. Na kwa kuwa kila aisikiaye amri hiyo lazima aache kupigana, wapiganaji wazima wa uwanja wa pili nao wakaganda, mapande ya watu yenye ndevu na ngao.

"Bibi, nilikuwa nashinda!" binti akalalamika.

"Utashinda kofia ikikaa, mjukuu wangu."

Akapiga goti, akaifunga kamba, akapitisha kidole kati yake na kidevu kilicholowa jasho. Kidevu kilikuwa kikitetemeka kwa kicheko.

"Ala! Mama, sauti hiyo ulikuwa umeificha wapi?" msimamizi akauliza, akimkabidhi fimbo ya mwamuzi, ishara kwamba amefaulu.

"Hata mimi sijui!"

"Jamani, tuachieni!" akalia mpiganaji mmoja wa kule, aliyenaswa na amri mguu mmoja ukiwa hewani. "Naanguka mwenzenu!"

Loretta, machozi ya kicheko yakimtoka, akainua fimbo kuwaruhusu waendelee.